Tuoshe Kwanza, Ndipo Tunyamaze

Maji ya kijiji chetu yana chumvi. Nilipoolewa huku, upande wa Bulyanhulu ukitokea Kahama, kikombe cha kwanza nilikinywa mbele ya wakwe, nikameza kwa adabu tu huku machozi yakinilenga. Kwetu ni Runzewe, maji ya kwetu hayana neno. Wifi zangu walinitazama wakacheka, kila mmoja ameziba mdomo kwa kanga. Nilidhani ni aibu ya kumcheka bi harusi. Kumbe walikuwa wanaficha meno.

Meno ya huku yana mabaka ya kahawia, na mengine yamelika kingo. Ni maji ya kisima yanayofanya hivyo, ingawa wakati ule tulijisemea kwamba ni ukoo, au ni ugoro wa mabibi, au Mungu tu kapenda. Usiku wa kwanza niliota kwamba chini ya kijiji kuna bahari. Bahari sijawahi kuiona hadi leo, lakini katika ndoto niliijua. Ilikuwa imelala chali chini ya mashamba ya pamba, kimya, na visima vyetu vilikuwa matundu ya pua zake. Ndoto hiyo imenirudia mara nyingi, na sikuwahi kuiogopa. Niliipenda, kwa kweli, ila asubuhi nikiamka na kuonja maji nilikuwa naikasirikia.

Walioyafurahia ni ng'ombe. Ng'ombe wa huku ukiwapelekea maji matamu ya mvua wanayanusa na kukuangalia kama umewatania. Ukiwafikisha kisimani wanakunywa mpaka mbavu zinatanuka.

Mama mkwe wangu alikuwa na meno hayo hayo, na magoti yake yalikuwa yameshaanza kugoma kukunjuka, hata akiinuka kwenye kigoda ilibidi ashike kitu. Ulimi wake, lakini, ulikuwa mzima kabisa. Aliniambia mbele ya watu nicheke waziwazi bila kujiziba, maana meno yangu ni ya Runzewe, ila wajukuu nitakaomzalia watakuwa wa huku kama wenzao. Alisema kwa utani na watu wakacheka. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Nilikuwa na mimba changa na sikuwa nimemwambia mtu.

Mashine ya maji ilikuja mwanangu akiwa anatambaa. Iliteremshwa kwenye lori, ikajengewa kibanda cha matofali karibu na kisima kirefu, na wafadhili wakaondoka wakituachia jenereta, pampu kubwa, pampu ndogo ya betri, matangi, na mabomba meupe marefu yaliyolazwa sambamba. Ndani ya kila bomba mlikuwa na kichujio, kitambaa chembamba mno kilichoviringishwa mara nyingi kama mkeka. Pampu kubwa inayasukuma maji ya chumvi kwa nguvu, maji yanapenya kwenye kitambaa, chumvi inabaki nje. Matamu yanakwenda kwenye tangi letu, na yale machungu zaidi yanayobaki yanakwenda kwenye birika la ng'ombe. Kila mtu akapata chake.

Walinichagua mimi kuiendesha. Sababu waliyotoa ni kwamba nimesoma hadi kidato cha nne. Sababu ya kweli, mama mkwe aliniambia baadaye, ni kwamba nina hasira na watoto hawatathubutu kuchezea koki. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, kwa hiyo nilikuwa na bosi mmoja nyumbani na kazini, na bosi huyo alikuwa anakula ugali wangu.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyotegemea. Mchana wa jua kali, kibanda kikiwa kina giza na ubaridi, nilikaa kwenye ndoo niliyoipindua nikasikiliza. Jenereta nje linanguruma, pampu ndani inaimba kwa sauti moja, na chini ya sauti hiyo, ukitulia sana, unasikia maji yenyewe yakipita. Nilikuwa nasinzia macho wazi. Niliiona bahari yangu ikipandishwa juu, ikipitishwa kwenye kitambaa, ikivuliwa chumvi taratibu mpaka inabaki maji ya kumpa mtoto. Mwanangu aliyanywa hayo, na meno yake ya utoto yakaota meupe. Mama mkwe alikuwa akimfunua mdomo kila asubuhi na kusema wabeja, yaani asante, kwa mtu asiyeonekana.

Kisha mashine ikaanza kuchoka. Mshale wa geji ya kupimia msukumo wa maji ulipanda siku hadi siku, na maji matamu yakapungua mpaka foleni ya ndoo ikafika barabarani. Maneno yakaanza. Wapo waliosema tumerogwa, wapo waliosema wauza maji wa mikokoteni wametutilia kitu kisimani, na yupo aliyesema mwanamke wa Runzewe hajui kazi. Huyo wa mwisho nilimjua ni nani na nilimfuata kwake. Siandiki tuliyoambiana.

Ilipokufa kabisa, tulirudi kisimani. Kilikuwa kipindi kirefu, na kila kikombe nilichompa mwanangu niliona mkono wangu unamfanyia uadui. Hatimaye wafadhili walimtuma injinia, kijana mpole wa kutoka pwani, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi kwenye mashine ya kugeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa. Nilimsumbua kwa maswali ya bahari mpaka akacheka. Alifungua bomba moja, akavuta kichujio, na harufu ikatujaa puani. Kitambaa kilikuwa kimevikwa utelezi wa rangi ya udongo, ute mzito unaoganda kwenye vidole. Ulikuwa ukoga, kama ule wa mdomo wa mtu asiyepiga mswaki.

Alinieleza akiwa amechuchumaa, bila haraka. Alisema huko pwani adui wao mkubwa ni huyo huyo. Maji yoyote yana vijidudu vilivyo hai, na vikigusa kitambaa vinang'ang'ania, vinazaliana, vinajijengea ute wa kujifunika, na ute huo unaziba njia ya maji. Kuvimwagia klorini humo ndani huwezi, maana itaviua ndiyo, lakini itakitafuna na kitambaa. Maji yakiwa yanapita, vinajenga polepole. Yakisimama, hasa kwenye joto kama letu, ndiyo sherehe yao. Akaniuliza mashine huwa tunaizima lini.

Nikamwambia hatuizimi ovyo. Tunaizima kukiwa na msiba.

Hapo ilibidi nimweleze yeye sasa. Huku kwetu mtu akifa, jembe linalazwa chini. Hakuna anayelima, hakuna anayetwanga, na mashine ya kusaga inanyamaza mpaka marehemu azikwe. Ndugu wakiwa wanatoka mbali tunawasubiri, na kimya kinasubiri nao. Mashine ya maji ilipokuja hatukuitisha hata kikao cha kuamua. Ni mashine, inanguruma, basi ikaingia kwenye kimya pamoja na zingine. Habari ya kifo ikifika, yeyote aliye karibu anakimbia kuzima jenereta, na maji ya chumvi yanabaki yamesimama ndani ya mabomba, kwenye jua, mpaka tutoke makaburini. Na kijiji chetu ni kikubwa, kina wazee, kina wachimbaji wadogo wanaofukiwa na mashimo. Injinia alinisikiliza, kisha akatazama ule utelezi mkononi mwake.

Alitufungia vichujio vipya. Akatuambia waziwazi, mimi na mama mkwe, kwamba hivyo ndivyo vya mwisho. Vikifa navyo, wafadhili wataipakia mashine na kuipeleka kijiji kingine. Kisha akanionyesha dawa yake, ambayo ni rahisi hata niliona aibu. Kabla ya kuzima, funga koki ya kisima, fungua koki ya tangi, na kwa pampu ndogo pitisha maji yale yale matamu kwenye mabomba mpaka chumvi na uchafu vitoke. Mashine ilale na maji safi tumboni. Ikilala zaidi ya siku, uioshe tena kila asubuhi. Wakati anafunga begi lake nilimuuliza habari ya meno, kwa kuwa mwanangu alikuwa bado na yale ya utoto. Akasema si fani yake, lakini alivyosikia, meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya fizi miaka mingi kabla hayajatoka, na maji anayokunywa mtoto sasa ndiyo yatakayoonekana baadaye.

Nilisimama pale kibandani baada ya pikipiki yake kuondoka na nikaanza kuogopa. Meno ya mwanangu yalikuwa yanapikwa humo ndani, mimi siyaoni. Kila mwezi wa mashine ni jino jeupe, kila mwezi wa kisima ni jino la kahawia.

Msiba wa kwanza baada ya hapo, nilimwomba mama mkwe ruhusa ya kuosha mabomba kabla ya kuzima na asubuhi yake tena. Alikataa. Aliniuliza kama kwetu Runzewe mtu akiwa amelazwa ndani, watu huungurumisha mitambo nje. Nilimjibu kwamba ni dakika chache tu. Akasema dharau haipimwi kwa dakika. Nilimwambia basi mjukuu wake atakuwa na meno kama ya kwake, na neno hilo lilipotoka nilitamani kulirudisha. Alijiziba mdomo kwa kanga, akaondoka akijikongoja. Chakula cha jioni nilimpelekea, akakipokea bila kunitazama. Tulikaa hivyo, nyumba moja, kimya cha msiba nje na kingine ndani.

Siku zile za kuzima niliota vibaya. Niliota nimekuwa mdogo nimeingia ndani ya bomba jeupe, natembea kwenye kitambaa kirefu kisicho na mwisho, na miguu inazama kwenye ute. Kwa mbali nasikia maji yakitaka kuja na hayana pa kupita. Naita, sauti haitoki.

Ulikuja msiba mwingine, wa mzee wa jirani. Nilikuwa uani nikifunga kanga ya pili ili twende, nikamwona mama mkwe amekaa kwenye kigoda na kibuyu chake cha maziwa. Aliyamimina maziwa yote kwenye sufuria akawapa watoto wanywe. Akakisuuza kwa maji ya moto, akatikisa, akamwaga, akasuuza tena. Akaingiza kijiti chenye moto, akakifukiza moshi, akakitundika mdomo chini. Vilio vilikuwa vinasikika kutoka kwa jirani na yeye alikuwa anafukiza kibuyu. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo kila msiba tangu niolewe na sikuwahi kuona maana yake.

Nikamuuliza, mama, mbona hatuendi, watu wanalia.

"Niache maziwa humu yaozee ndani mpaka tuzike?" alisema. "Mimi si mwanamke mvivu."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka siku ya msiba mpaka akashtuka. Nikamshika mkono, nikampeleka nyuma ya kibanda cha mashine, mahali nilipokuwa nimevitupa vichujio vilivyokufa. Nilivunja kimoja kwa jembe, nikambandulia tabaka la kitambaa na kumpa anuse. Alinusa. Alipitisha kidole gumba kwenye ule ute, akakisugua na kidole cha shahada, taratibu, mtu anayekijua anachokishika.

"Hiki ni kibuyu," akasema.

Nikasema ndiyo, mama. Na sisi tunakiacha na maziwa.

Aliketi juu ya jiwe. Jenereta lilikuwa bado linanguruma, hakuna aliyekuwa amefika kulizima. Kisha akaniambia nioshe. Akasimama mlangoni mwenyewe, mikono kiunoni, na kijana aliyekuja mbio kuzima alikuta amezibiwa njia. Nilifunga koki ya kisima, nikafungua ya tangi, nikawasha pampu ndogo. Sauti yake ni ya chini, karibu na kunong'ona. Maji ya kwanza yaliyotoka yalikuwa na tope, ya pili yakawa meupe. Nikazima kila kitu. Kimya kilichoingia pale kilikuwa kizuri, sijawahi kusikia kingine kama hicho.

Msibani wazee walilalamika. Mama mkwe aliwajibu mara moja tu, kwamba marehemu tunamwosha kwanza, ndipo tunanyamaza, na hakuna aliyewahi kusema maji ya kumwoshea yanapiga kelele. Basi ikawa desturi. Habari ya kifo ikifika, tunaosha mashine, tunazima. Alfajiri, wanawake wakienda kuchota maji ya kupeleka kwenye nyumba ya msiba, pampu ndogo inanong'ona kidogo, kisha inatulia. Mshale wa geji uliacha kupanda kwa pupa. Niliutazama kila siku, na kila siku nilirudi nyumbani nikamtazama mwanangu.

Jambo moja lilinikera. Tangu siku ile, kila msiba mama mkwe alikuwa ananiletea mwanamke wa kusimama nami kibandani nikiwa naosha. Leo mke wa mwenyekiti wa kitongoji, kesho binti wa muuza mkaa, siku nyingine yule yule aliyesema mwanamke wa Runzewe hajui kazi. Nilinung'unika. Nilimwambia kama haniamini aseme, asiniletee watu wa kunikodolea macho. Akaniita mayu, yaani mama, akaniambia fungua koki polepole wenzio waone.

Mwanangu aling'oka meno ya mbele, yote mawili. Nyumba nzima ilikuwa inangoja. Lilipochungulia la kwanza, mama mkwe alimkalisha juani, akalisugua kwa pindo la kanga, akainama mpaka mapaji yao ya uso yakagusana. Jeupe. Alimshika mkono akamzungusha kijiji kizima, na magoti yale mabovu, akiwaamuru watu wamwambie mtoto acheke. Aliporudi alikuwa anacheka yeye mwenyewe, mdomo wazi, kanga ikiwa begani. Ndiyo mara ya kwanza niliyaona meno yake yote.

Yalibaki meno mengi ya kutoka, ya pembeni na ya nyuma, na mama mkwe akaanza kuchakaa. Alikuwa anapenda nimlaze kibandani kwangu mchana, kwenye mkeka kando ya mabomba, kwa sababu ya ubaridi. Alikuwa anasema anasikia mvua. Nilimsimulia ndoto yangu ya bahari, akaniambia yeye ameijua siku zote, ila hakujua kwamba ina jina.

Alifariki asubuhi moja ya kiangazi, nyumbani, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mume wangu. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Nilisikia jenereta kwa mbali, kisha nikalisikia linazimwa ghafla. Mtu alikuwa amekimbia kuzima, kwa heshima, kama zamani, na maji ya chumvi yalikuwa yamesimama ndani.

Nilishtuka nikataka kutoka. Mashangazi walinizuia mlangoni. Mimi ni mke wa nyumba ile, mke wa mwanawe mkubwa, na mama alikuwa anasubiri kuoshwa. Hutoki, waliniambia, mpaka tuzike. Beseni lilikuwa limeshawekwa. Shangazi mmoja alinipa kitambaa mkononi. Nilipiga magoti kando ya mama mkwe wangu nikaanza na uso, na huku namwosha, nafsi yangu ilikuwa kule kibandani. Nilijua ndugu wa Mwanza na wa Tabora hawajaanza hata safari. Nilijua jua la mwezi ule. Niliyaona meno ya mwanangu ndani ya fizi, yanangoja. Nikawa nalia, na wenzangu wakadhani wanajua ninalilia nini, na walikuwa wanajua nusu.

Nilikuwa nimefika kwenye mikono yake nilipoisikia pampu ndogo.

Ilikuwa inanong'ona. Mkono wangu ulisimama juu ya wake. Niliisikiliza ikipita ule muda wa maji yenye tope, ikapita ule wa maji meupe, bila haraka, mtu amefungua koki polepole kama wale wanawake walivyoniona nikifungua. Nilimtazama shangazi. Wala hakushangaa.

"Mama alishatupangia," aliniambia. "Alisema siku yake wewe utakuwa ndani."

Nilichovya kitambaa kwenye beseni, nikakikamua, nikaendelea na mikono, na vidole, kimoja kimoja. Maji yale yalikuwa ya kwetu, ya tangini, matamu. Nilimfuta midomo, nikaifungua kidogo, nikamsafisha meno. Huko nje pampu iliisha kazi yake ikazimwa. Nasi tukawa tumemaliza, tukamfunika, tukanyamaza.